Komedi ya nansensu ni nini, na Torajiro Saito anaingiaje hapo

Ukitaja muvi za zamani za Japani watu wengi wanawaza samurai na panga, au familia imekaa kwenye mkeka inakunywa chai kimyakimya. Zipo hizo. Ila Tokyo ya mwisho wa miaka ya 1920 na mwanzo wa 1930 ilikuwa na mzigo mwingine kabisa, muvi fupi za vichekesho zilizoitwa nansensu, kutoka neno la Kiingereza nonsense, yaani upuuzi, na jamaa aliyezimudu kuliko wenzake wote ni mwongozaji Torajiro Saito, mpaka wakambandika jina la mungu wa komedi.

Sasa nansensu inafanyaje kazi? Inaanza na shida ya kweli, mtu hana ajira, anadaiwa kila kona, nyumbani hamna kitu. Halafu huyo mtu anaitafutia shida yake dawa ya ajabu kabisa na anaifanya kwa moyo wote, hacheki hata kidogo, na kituko kimoja kinazaa kingine kikubwa zaidi, hicho nacho kinazaa kingine, mpaka mnafika mahali akili imeshaaga lakini wewe unayeangalia ulikubali kila hatua njiani kwa hiyo huna pa kulalamikia. Ukiitoa ile shida ya mwanzo inabaki kelele na watu kuanguka anguka tu.

Mfano mzuri ni Kodakara Sodo ya 1935, ambayo bahati nzuri bado ipo. Baba hana kazi, watoto kibao tayari, mke ana uchungu wa kumzaa mwingine, na mkunga anataka hela yake. Hapo ukikaa ukafikiria ni stori ya kulia kabisa. Saito anaichukua hiyohiyo, hapunguzi umaskini hata chembe, anamtoa baba mbio mtaani kutafuta hela na mambo yanaenda yakichanganyika mpaka mtu mzima anamkimbiza nguruwe. Shigeru Ogura anayecheza yule baba ana uso wa mtu aliyechoka na maisha, hafanyi sura za kuchekesha, na ndo maana inachekesha.

Na watu walikuwa na sababu ya kuzipenda. Uchumi ulikuwa umeanguka, vijana wenye digrii wanazunguka Tokyo bila kazi, na 1929 mwongozaji Yasujiro Ozu alitoa muvi ambayo jina lake tu linasema chuo nimemaliza, lakini… Kila mtu ukumbini alijua sentensi inaishia wapi.

Ndiyo, Ozu huyohuyo aliyesifika baadaye kwa muvi za baba na binti na machozi ya chinichini. Yeye na Saito walitoka jiko moja, studio ya Shochiku pale Kamata, kusini mwa Tokyo. Studio ilifunguliwa 1920, tetemeko la 1923 likaupiga mji vibaya, na 1924 akashika usukani Shiro Kido, bosi aliyetaka muvi za maisha ya watu wa kawaida zenye mwanga na kicheko ndani yake. Komedi fupi ilikuwa kitu cha kujaza programu, unaiweka pamoja na muvi kubwa ya siku hiyo, inatengenezwa haraka, kwa hela kidogo, na vijana wanapewa hizo ili wajifunzie kazi. Kabla hajaanza kuongoza Ozu alikuwa msaidizi wa Tadamoto Okubo aliyekuwa mtu wa nansensu hasa, na 1929 akatoa Tokkan Kozo, ya mtu anayemteka mtoto halafu mtoto anamsumbua mpaka mtekaji mwenyewe anatamani kumrudisha. Kale katoto kalikocheza kakapata umaarufu, jina la muvi likawa jina lake la kazi.

Tofauti ni kwamba Ozu alipita akaendelea na safari, Saito alibaki. Alizaliwa 1905 mkoa wa Akita kaskazini, akaingia Shochiku 1922, akaanza kuongoza 1926, na katika maisha yake alitengeneza muvi zaidi ya 200. Mtu anayefyatua kwa spidi hiyo lazima adake kila kinachopita mtaani. King Kong ya Wamarekani ilipoingia Japani 1933, mwaka huohuo Saito akatoa ya kwake, Wasei Kingu Kongu, yaani King Kong wa hapahapa, ya jamaa asiye na ajira anayepata kibarua cha kuvaa ngozi ya sokwe jukwaani. Ona, shida ya kweli, dawa ya ajabu. Hiyo imepotea, na zake nyingi za kabla ya vita zimepotea hivyohivyo. Filamu za zamani zinashika moto kirahisi, Tokyo ilipigwa mabomu, halafu muvi ya kujaza programu nani atahangaika kuitunza? Kwa hiyo tunaambiwa ni mungu wa komedi na ushahidi tulionao ni vipande vichache, hii mimi inaniuma kidogo.

Kitu kingine, muvi hizi hazikuwa na sauti ila ukumbi haukuwa kimya. Alikuwepo benshi, mtu amesimama pembeni ya skrini anasimulia na kuwasemea waigizaji wote, unaweza kumfikiria DJ Afro au Lufufu ila yuko hapohapo laivu na ana jina kubwa kushinda waigizaji. Ndiyo maana Japani haikuwa na haraka na sauti. Muvi yao ya kwanza iliyofanikiwa kuongea mwanzo mwisho ilitoka 1931, ya Heinosuke Gosho wa Shochiku, nayo ilikuwa komedi, halafu miaka minne baadaye Saito bado anatoa Kodakara Sodo bila sauti.

Sauti ilipokubalika nansensu ikabadilika. Kwenye muvi bila sauti kituko kinapangwa na mwongozaji, wapi kamera, kitu gani kianguke lini. Sauti ikaleta mdomo. Saito akahamia studio ya Toho na kazi yake ikawa kuwaongoza mastaa waliokwishajaza kumbi za jukwaani: Enoken wa Asakusa, mtaa wa burudani wa Tokyo, Roppa Furukawa, na wale wawili wa manzai kutoka Osaka, Entatsu na Achako, ambao kuchekesha kwao ni kubishana. Watu walikuja kumwona Enoken, sio Saito. Mimi naona hapo ndo alipopungua kama fundi japo hela na majina vilikuwa vikubwa zaidi. Na sheria ya filamu ya 1939 ilitaka skripti ikaguliwe kabla hata hujapiga picha, sasa kituko kilichotungwa asubuhi hiyohiyo kinapitaje hapo?

Baada ya vita akarudi na nguvu. 1950 alimwongoza Hibari Misora, binti wa miaka 13 aliyekuwa tayari kipenzi cha nchi, kwenye Tokyo Kid, ya mtoto anayeimba mitaani. Saito alifariki 1982. Ukitaka kuanza, itafute Kodakara Sodo, ni fupi, na angalia uso wa Ogura kabla nguruwe hajatokea.