Gari kuwa ghali hakuondoi foleni

"Wapandishe ushuru wa magari, foleni itaisha." Nimeisikia tena wiki hii, safari hii kutoka kwa msomi, tena kwa sauti ya mtu anayekupa siri. Akaongeza kwamba siku hizi kila kijana ana Toyota IST. Basi nimekaa niandike, ili mwingine akiniambia nimtumie kiungo tu na niendelee na chai yangu.

Sisi tunaofanya mipango ya usafiri tunazigawa gharama za gari mafungu mawili. Kuna unazolipa hata gari likilala uani: bei ya kununulia, ushuru wa forodha, VAT, usajili, bima. Kuna zinazokuja gari likitembea: mafuta, tairi, maegesho, tozo ya barabara. Sasa foleni ya saa moja asubuhi pale Fire, Dar es Salaam, inatokana na uamuzi wa mtu aliyesimama mlangoni kwake na funguo mkononi. Nitoke na gari au nipande basi? Nitoke sasa au nisubiri saa tatu? Ushuru alioulipa bandarini miaka mitatu iliyopita haumo kabisa katika hesabu hiyo. Ulishalipwa, na haurudi akiliacha gari nyumbani.

Tena unamsukuma upande wa pili. Aliyechangia harusi laki tano haendi ukumbini kunywa maji. Ukishatoa mamilioni kwenye gari, kuliacha uani huku ukining'inia mlangoni mwa daladala unajiona mjinga, na mwenzako wa nyumbani atakukumbusha.

Sisemi ushuru hauna kazi. Unapunguza kasi ya magari kuingia nchini, na hilo lina uzito wake baada ya miaka mingi. Lakini foleni haitokani na wingi wa magari nchini, inatokana na magari kukutana mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mwenye pickup ya kubebea korosho kule Masasi naye analipa ushuru, kama mtu wa Mbezi Beach anayeingia Posta kila asubuhi peke yake. Wa Masasi hajamchelewesha mtu.

Mwaka 2017 Tanzania ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na kuihamishia kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Kwa jicho langu ile ilikuwa hatua nzuri: gari likilala, halilipi. Ila lita haina saa. Inayochomwa Tunduru saa nane usiku inalipa sawa na inayochomwa Ubungo saa moja na nusu asubuhi. Utaniambia aliyekwama anachoma zaidi, kwa hiyo ameshaadhibiwa. Hapo ndipo watu wengi wanapopotelea, na ndipo panaponikera. Aliyekwama analipa dakika zake mwenyewe. Dakika anazowaongezea wote walio nyuma yake kwa kuingia barabarani wakati ule halipi hata senti, wala hazijui. Ukizijumlisha, saa ya msongamano, zinazidi zake mara kadhaa. Tozo ya msongamano, yaani malipo ya kuingia na gari mahali penye foleni saa za foleni, ikipangwa vizuri inamtoza hizo dakika za wengine. Mambo mengine yote ni ukusanyaji wa mapato, nao si dhambi, ila uitwe hivyo. Kenya mwaka 2024 muswada wa fedha ulipendekeza kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isipungue shilingi 5,000 na isizidi 100,000, kabla muswada wote haujaondolewa Juni. Zile zilikuwa pesa za hazina. Anayezivalisha kanzu ya kupunguza foleni za Nairobi anatuchezea.

"Mbona Singapore?" Hili swali halikosekani. Ndiyo, Singapore gari ni ghali kupita kiasi. Kuna cheti cha kumiliki gari kwa miaka kumi kinachouzwa kwa mnada, na Oktoba 2023 cheti cha magari makubwa kilifika dola 150,000 za kwao. Karatasi hiyo, gari lenyewe bado. Lakini watu wanaruka mfuatano wa mambo. Tozo ndiyo iliyotangulia, mwaka 1975: kibali cha dola 3 kwa siku kwa gari dogo linaloingia katikati ya jiji asubuhi, na waliopakiana wanne wakisamehewa. Magari yaliyoingia saa hizo yakapungua kwa zaidi ya asilimia 40. Mnada wa vyeti ukaja 1990, miaka 15 baadaye. Kisha 1998 wakaweka mageti ya elektroniki ambayo bei yake hubadilika kila nusu saa.

Jiulize: kama bei ya kumiliki ingetosha, mageti ya nini, miaka minane baada ya mnada? Kwa sababu aliyenunua cheti analitembeza gari lake mpaka limlipe, kwenye kisiwa ambacho kutoka ncha hadi ncha ni kama kilomita 50. Na hawa jamaa hawakuweka lengo la makusanyo. Waliweka lengo la mwendo: kilomita 20 hadi 30 kwa saa kwenye mitaa ya mjini, 45 hadi 65 kwenye barabara kuu. Mwendo ukishuka, bei inapanda. Ukipanda, bei inashuka. Ndiyo, inashuka. Nikifika hapa kwenye mafunzo naona watu wanaweka kalamu chini.

Haraka haraka, kwa nini tozo ndogo inaweza kufanya kazi kubwa. Njia moja ya barabara kuu, ikienda vizuri, hupitisha magari kama 2,000 kwa saa. Ukishindilia zaidi ya hapo, mwendo unaanguka na inapitisha machache kuliko awali. Kwa hiyo huhitaji kuwaondoa wote, unahitaji wachache tu watoke, au wasubiri kidogo. Stockholm walijaribu kuanzia Januari hadi Julai 2006, kronor 10 hadi 20 kufuatana na saa. Magari yanayovuka mpaka wa tozo yakapungua karibu moja ya tano. Jaribio lilipokwisha, mengi yakarudi. Agosti 2007 wakairudisha tozo, yakapungua tena. Napenda mfano huu kuliko wote kwa sababu waliiwasha, wakaizima, wakaiwasha.

Sasa Nairobi Expressway, maana nayo huniletea. Kilomita 27, Mlolongo hadi Westlands, ilianza kutumika 2022. Unalipa kwa umbali na aina ya gari, bei ya saa nane usiku ni ileile ya saa mbili asubuhi. Kazi ya tozo ile ni kurudisha pesa za aliyejenga. Wanaopanda juu wanapata nafuu kweli, na chini kwenye Mombasa Road wanaacha nafasi. Nafasi haikai wazi: aliyekuwa anatoka saa kumi na moja alfajiri kuikwepa foleni sasa analala mpaka saa kumi na mbili, aliyekuwa anazungukia njia nyingine anarudi. Daraja la Kigamboni ni hivyohivyo tangu 2016, tozo ya kulipia daraja. Tena kibanda cha kutozea chenyewe kinaweza kuzaa foleni.

Haya, na mimi nina mashaka yangu.

La kwanza ni London. Walianza Februari 2003 kwa pauni 5, magari yakapungua karibu moja ya tano, ucheleweshaji karibu asilimia 30. Miaka michache baadaye ucheleweshaji ukarudi karibu ulipokuwa, ingawa magari hayakurudi yote. Barabara zilichimbwa, nafasi wakapewa mabasi na waenda kwa miguu, magari ya kukodi kama ya Uber yakasamehewa mpaka 2019. Sisi wa fani hii tunajibu kwamba bila tozo ingekuwa mbaya zaidi. Naamini hivyo. Lakini ni jibu la raha sana, maana huwezi kuiona hiyo London isiyo na tozo.

La pili ni la nyumbani. Stockholm waliongeza mabasi kabla ya kuanza kutoza, juu ya treni walizokuwa nazo. Mimi nikimtoza mtu wa Kimara leo, nimwambie apande nini? Mabasi ya mwendokasi yapo tangu 2016, na aliyewahi kusimama pale Kimara saa kumi na mbili na nusu anajua ninachosema. Isitoshe, foleni ya Dar si ya magari madogo peke yake. Kuna malori ya bandari kwenye Barabara ya Mandela, daladala linaloshusha katikati ya njia, na mataa yanayozimwa ili trafiki aongoze kwa mkono, upande mmoja ukingoja mpaka madereva wazime injini. Hakuna bei inayorekebisha makutano.

La tatu ndilo gumu: gari ambalo mafuta, dereva na tozo vyote vinalipwa na ofisi. Aliyeketi nyuma hataisikia tozo hata ikiwa shilingi 50,000. Na ukianza kuandika orodha ya watakaosamehewa, unaweza kumaliza karatasi.

Kwa hiyo mimi nisingeanza na kamera wala mageti. Ningeanza na maegesho ya bure yaliyo ndani ya nyua za ofisi pale Posta. Mfanyakazi anayepewa nafasi ya gari apewe hiari ya kuchukua thamani yake kwa pesa, kila mwezi, na aje kwa basi. California wana sheria ya namna hiyo kwa baadhi ya waajiri tangu 1992. Hapo gharama inaingia kwenye uamuzi wa asubuhi, bila kumtoza mtu wa Masasi chochote. Niliwahi kulipeleka wazo hili kwenye kikao kimoja. Swali la kwanza lilikuwa kama na nafasi za wakurugenzi zitahesabiwa. Nikasema ndiyo, tukahamia ajenda inayofuata.