Umeme wa silikoni huanzia mpakani

Mwaka 1940, katika maabara za Bell Labs huko New Jersey, Marekani, mtafiti Russell Ohl alimulika kwa taa kipande cha silikoni, na mita ikapanda hadi karibu nusu volti. Ndani ya kipande kile kulikuwa na mpaka: upande huu uchafu wa aina moja, upande ule wa aina nyingine. Kila paneli ya sola tunayopandisha paani leo inafanya kazi kwa mpaka wa namna hiyo.

Atomi ya silikoni ina elektroni 4 za nje, na zote zimeshikana na za jirani. Ukitia fosforasi, yenye 5, elektroni moja hubaki huru. Ukitia boroni, yenye 3, hubaki nafasi tupu tunayoiita tundu, nayo huhamahama kama chaji chanya. Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno. Hata atomi moja ya boroni kwa milioni 5 za silikoni inatosha. Wengi hukosea hapa: upande wa fosforasi hauna chaji hasi. Kila elektroni iliyo huru ina atomi yake yenye chaji chanya, na hesabu inalingana.

Pande mbili zikikutana, elektroni husambaa kuelekea kwenye matundu, kama moshi wa udi unavyojaa chumbani bila kusukumwa na mtu. Lakini atomi zilizoachwa haziwezi kufuata, zimefungwa ndani ya fuwele. Basi mpakani hubaki tabaka mbili zinazotazamana: fosforasi chanya, boroni hasi. Tabaka hizo huzaa uga wa umeme, yaani nguvu ya umeme iliyotanda hapo, unaozirudisha nyuma elektroni zinazotaka kuvuka, na uga huo hukua mpaka wanaovuka walingane na wanaorudishwa. Hapo ndipo tofauti ya potensheli, yaani volti kati ya pande hizo mbili, hutulia, kwa silikoni ya kawaida karibu volti 0.7. Ni ndogo, lakini imebanwa katika upana usiofika hata nusu ya elfu moja ya milimita, kwa hiyo uga wake unazidi volti 10,000 kwa sentimita.

Wanafunzi huniuliza: mbona nikipima dayodi, yaani kipande chenye mpaka kama huo, iliyolala mezani mita inasoma sifuri? Swali zuri sana. Nyaya za mita ni metali, na kila metali inapogusa silikoni huzuka potensheli nyingine. Ukizijumlisha zote kuzunguka mzunguko mzima, zinafutana. Zisingefutana, dayodi ingetoa umeme bure daima, bila mwanga wala mafuta.

Mwanga ndio unaovunja usawa huo. Unang'oa elektroni na kuacha tundu, kisha uga wa mpakani unavitenganisha: elektroni upande wa fosforasi, tundu upande wa boroni. Seli moja, yaani kipande kimoja cha silikoni chenye mpaka huo ndani ya paneli, hutoa karibu volti 0.6, na ndiyo maana paneli ya kuchajia betri ya volti 12 huwa na seli 36 zilizounganishwa kwa kufuatana.

Joto nalo hula volti hizo, karibu milivolti 2 kwa kila seli kwa kila nyuzi moja. Paneli ya seli 36 ikipanda kutoka nyuzi 25 hadi 60 hupoteza kama volti 2.5. Huniuma kuona paneli imelazwa juu ya bati bila nafasi ya hewa. Mwambie fundi ainyanyue angalau sentimita 10.