Kidole Kabla ya Sindano: Ninavyofundisha Kuweka Kanula na Kutoa Damu

Wanafunzi wa uuguzi wanaoletwa wodini kwetu hapa Kigoma hufika na hamu kubwa ya kushika kanula, yaani mrija mwembamba wa plastiki unaoingizwa mshipani kwa sindano, na karibu wote huanza kwa kuukodolea macho mkono wa mgonjwa wakitafuta mstari wa kijani chini ya ngozi. Mimi huwaomba wafumbe macho kwanza. Kwenye ngozi nyeusi mshipa mzuri mara nyingi hauonekani, na ule unaoonekana waziwazi huweza kuwa mwembamba na wa kukimbia mara ncha inapougusa. Mshipa unaofaa hubonyea chini ya kidole kisha ukarudi. Ukiwa mgumu kama kamba, huenda umekwisha kuumizwa na kanula zilizotangulia; ukidunda, hiyo ni ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, uache.

Mpira wa kubana mkono hufungwa umbali wa vidole vinne hadi vitano juu ya mahali pa kuchoma, na ni vizuri usizidi dakika moja, kwa sababu damu iliyotuama hubadilika na majibu ya maabara hubadilika nayo. Usipopata mshipa, fungua, uning'inize mkono, uupashe joto kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, ndipo ufunge tena.

Kanula huchaguliwa kwa kazi inayokusudiwa. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anahitaji ya kijivu, namba 16, au ya kijani, namba 18, tena mbili, kwa kuwa maji na damu vinapaswa kupita upesi. Kadiri namba inavyopanda ndivyo tundu linavyopungua. Mtoto mchanga huwekewa ya njano, namba 24, na kwake kazi kubwa ni kumtuliza, ndiyo maana mama yake aelezwe mapema na aonyeshwe jinsi ya kumshika.

Safisha ngozi kwa spiriti ya asilimia 70 kwa sekunde 30, uiache ikauke yenyewe, wala usipaguse tena. Damu ikionekana nyuma ya sindano, laza mkono wako kidogo, sogeza milimita chache, kisha telezesha plastiki peke yake. Sindano uliyokwisha kuivuta usiirudishe ndani ya plastiki ikiwa bado iko mshipani, kwani inaweza kuikata na kipande kikachukuliwa na damu.

Katika kutoa damu, makosa ninayoyahofia zaidi hutokea baada ya kuchoma. Ukivuta bomba kwa nguvu, chembe nyekundu hupasuka na potasiamu iliyokuwa ndani yake humwagika, hata mgonjwa asiye na shida akaonekana kwenye majibu kuwa yuko hatarini. Chupa ya kifuniko cha zambarau ina EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, yenye potasiamu, nayo hunasa kalsiamu; ikiingia kwenye chupa nyingine huharibu vipimo vya vitu hivyo viwili. Kwa hiyo hujazwa baada ya ile ya kifuniko chekundu, na damu yake kamwe haimiminwi katika chupa nyingine. Daktari atatibu namba iliyoandikwa kwenye karatasi, akiamini kwamba wewe ulitenda haki.

Jina liandikwe kwenye chupa palepale kitandani, baada ya mgonjwa kulitaja mwenyewe. Bibi mwenye homa kali akiulizwa, "Wewe ndiye fulani?" huitikia, "Ndiyo, mwanangu," hata kama siye. Muamkie, kisha umwombe, "Bibi, niambie majina yako yote."

Ukijaribu mara mbili ukashindwa, mwite mwenzako. Mkono ule una mwenyewe, naye anaumia.

Sindano iliyotumika haifunikwi tena. Huingia moja kwa moja kwenye kisanduku maalumu, ambacho kinapaswa kuwa karibu na mkono wako kabla hujaanza, na kikijaa robo tatu hufungwa. Ajali ya sindano yenye virusi vya UKIMWI huambukiza takriban watu 3 kati ya 1,000, lakini ya homa ya ini B huweza kufikia asilimia 30 kwa asiyechanjwa, hivyo mwanafunzi achanjwe kabla ya kuingia wodini. Akichomwa, aoshe kwa maji na sabuni bila kukamua, atoe taarifa saa ileile, na dawa za kinga aanze mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, azimeze kwa siku 28.