Berthe Morisot kwenye jiwe: namna ya kuitambua chapa halisi

Mwaka 1872 Édouard Manet alimchora kwa rangi za mafuta mchoraji mwenzake, Berthe Morisot, akiwa na kofia na nguo nyeusi. Picha hiyo iko Musée d'Orsay, Paris. Sura hiyohiyo akaifanyia chapa, yaani picha za kuchapishwa karatasini: moja kwa bamba la shaba, mbili kwa jiwe, yaani lithografia. Hizi za jiwe ndizo huwasumbua wanunuzi.

Jiwe lenyewe ni la chokaa, na lililosifika zaidi lilitoka Solnhofen, Ujerumani. Halichongwi. Msanii huchora juu yake kwa kalamu ya nta, sabuni na masizi, akijihadhari asiliguse kwa kiganja, maana mafuta ya ngozi nayo huchapika. Mchapaji hupaka gundi ya mgunga iliyotiwa asidi kidogo ya naitriki. Asidi ikizidi, vivuli vyepesi vya shavuni hufutika. Ikipungua, weusi wa kofia huziba ukawa doa moja. Kisha jiwe hulowanishwa na kupitishiwa rola ya wino: penye mafuta wino hushika, penye maji haushiki. Likikauka katikati ya kazi, wino hushika hata pasipochorwa.

Ukiletewa chapa, chukua lenzi inayokuza mara 10 uangalie kivuli cha uso, si nguo. Kalamu juu ya jiwe huacha chembechembe zisizolingana. Ukiona vitone vimejipanga safu kwa safu, hiyo ni nakala ya kiwandani iliyotokana na picha ya kamera. Inamisha karatasi kwenye mwanga: bamba la shaba huacha mbonyeo pembezoni mwa mchoro, jiwe haliachi.

Saini iliyo ndani ya mchoro haithibitishi lolote. Nakala nayo huibeba. Toleo la chapa hizi za jiwe lilitoka 1884, Manet akiwa amefariki mwaka uliotangulia. Kwa hiyo anayekuuzia chapa ya toleo hilo yenye saini ya penseli ana maswali ya kujibu.

Fremu za zamani ndizo adui mkubwa. Kadibodi yenye asidi huacha ukanda wa kahawia kuzunguka picha, na unyevu huzaa madoadoa ya rangi ya kutu. Badilisha kadibodi kwa isiyo na asidi, weka mwanga usiozidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwangaza), na usibandike selotepu hata nyuma: gundi yake hupenya karatasi, na kuitoa ni kazi ya fundi.