Taa ya kucha haikaushi jeli kwa joto

Kwenye saluni za Kondele, hapa Kisumu, ukipakwa jeli, yaani rangi ya kucha inayogandishwa kwa taa, utasikia: "Weka mkono kwa taa, joto likaushe jeli." Sivyo. Rangi ya kawaida hukauka kimiminika chake kikipaa hewani. Jeli haikauki, inaungana. Ndani yake mna kemikali inayonasa mwanga wa urujuani na urujuanimno (UV), wenye mawimbi ya urefu wa nanomita 365 hadi 405 hivi, ikapasuka na kuchochea molekuli ndogo zishikane kuwa minyororo mirefu, yaani polima. Balbu ya njano hata ikikuchoma vidole, jeli itabaki teketeke.

Na ule moto wa ghafla kwenye kucha? Unatoka kwenye jeli yenyewe, molekuli zikiungana. Ukizidi, toa mkono. Jeli iliyogusa ngozi nayo ifutwe kabla ya taa, tafadhali: ikiwa mbichi yaweza kukuletea mzio wa kudumu.