Bei ya bastola na sheria za mashindano

Wengi wanaoanza mchezo wa kulenga shabaha huamini kwamba bastola ghali yenye maandishi ya "mashindano" kwenye boksi inaruhusiwa popote. Wazo hilo lina mantiki yake, maana muuzaji mwenyewe husema hivyo. Lakini kila mchezo una sheria zake za vifaa.

Chukua bastola ya upepo ya mita 10, ile ya Olimpiki. Risasi ni za milimita 4.5. Silaha isizidi gramu 1,500, na lazima iingie kwenye kisanduku cha milimita 420 kwa 200 kwa 50. Darubini hairuhusiwi. Mpini nao usifunike kifundo cha mkono, na hapa ndipo mipini ya kuchonga kwa mapenzi huwaponza watu.

Kinachokwamisha zaidi ni kifyatulio. Mkaguzi huelekeza mtutu juu, hutundika uzito wa gramu 500 kwenye kifyatulio, kisha huunyanyua taratibu. Kifyatulio kikiachia kwa uzito huo, ni chepesi mno na bastola imekataliwa, hata kama ulikopa kuinunua.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, soma toleo jipya la sheria za mchezo wako hasa, kwani bastola ya mita 25 ina vipimo vingine. Mizani ya jikoni na rula vinatosha kupima uzito na ukubwa, silaha ikiwa tupu. Kifyatulio mwachie mkaguzi wa klabu, uwanjani.