Karata 13 mkononi: je, asi ni lazima?

Bukavu, umeme ukikatika na karata zikatolewa mezani, hesabu hii husikika sana: pakiti ina karata 52, na kati yake asi (karata za A) ni nne, basi wachezaji wanne wakigawiwa 13 kila mmoja, kila mtu atapata asi yake. Asiyepata humtazama mgawaji kwa jicho la pembeni.

Kwa wastani ni kweli, asi moja kwa kila mchezaji. Lakini wastani si ahadi: mwenye asi tatu amebeba za wenzake.

Tafuta kwanza uwezekano wa kukosa kabisa, yaani asi zote nne ziangukie karata 39 za wenzako. Ya kwanza ina nafasi 39 kati ya 52. Ya pili 38 kati ya 51, maana nafasi moja imeshakaliwa. Kisha 37 kati ya 50, na 36 kati ya 49. Zidisha sehemu hizo nne, unapata kama 0.304. Mikono 30 hivi katika 100 haina asi hata moja! Kujumlisha ndiko kunakopoteza wengi: 4/52 mara 13 hutoa 1 kamili, yaani uhakika, na kwa karata 14 ingepita 1, jambo lisilowezekana.

Jaribu nyumbani. Ondoa jokeri, changa vizuri, gawa zote, andika mikono isiyo na asi. Migawo 25 hutoa mikono 100. Ukihesabu 26 au 35, usishtuke. Ukichanga kivivu, karata za mchezo uliopita hubaki zimeshikana, na hesabu haifai tena.